Miche ya nyanya chini ya taa: mwongozo kwa mwenye stoo isiyo na jua, Mtwara

Kitalu cha nje kwetu Mtwara kina maadui wanaopokezana zamu. Desemba hadi Aprili ni mvua. Tone moja kubwa linaulaza mche wa siku tano, na udongo usiokauka unaleta kinyausi: shina linaoza pale linapotokea ardhini, asubuhi unakuta mche umelala kama uliokatwa kwa wembe. Mvua ikipungua wanaingia inzi weupe, na nyuma yao rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na mmea kudumaa. Rasta ikishika mche ukiwa mchanga, hesabu kwamba mche huo hauna mavuno.

Mimi nilichoka, nikahamishia kitalu stoo. Dirisha la stoo yangu linatazama ukuta wa jirani, jua halijawahi kuingia humo tangu nyumba ijengwe. Huu ni msimu wa tatu naotesha miche chini ya taa. Nasia mbegu mwishoni mwa Machi, mvua zikiwa bado zinapiga bati, na Mei inapoanza, maji yanapopungua mabondeni, nina miche ya wiki tano inayosubiri kupelekwa shambani. Wenzangu wengi wakati huo ndio wanaulizana mbegu zinauzwa wapi.

Nitoe angalizo mapema. Ukitafuta maelezo ya taa za mimea mtandaoni utakutana na mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya bangi. Achana nayo. Kwanza kulima bangi kwetu ni kosa la jinai, halina mjadala. Pili, wengi wanaonakili masaa na ukali wa taa kutoka huko wanaunguza nyanya zao, kwa sababu mche wa nyanya una mahitaji yake.

Na jambo moja ulishike kabla hujanunua hata soketi: kwa mche, mwanga ndio ugali, mbolea ni chumvi. Karibu kila mche niliouua mwaka wa kwanza ulikufa kwa ugali kidogo na chumvi nyingi.

Kwanza, taa

Huhitaji zile taa za rangi ya zambarau zinazouzwa ghali. Taa nyeupe za LED za tyubu, zile ndefu za futi nne za wati 18, zinatosha kabisa. Angalia maandishi kwenye boksi: tafuta 6500K, au angalau 4000K. Hiyo K inaonyesha rangi ya mwanga: hizo ndizo zenye mwanga mweupe, na 6500K ni kama wa mchana. Zilizoandikwa 2700K au 3000K zina mwanga wa njano, nzuri sebuleni, ila chini yake miche inarefuka upesi.

Kipimo changu ni hiki: trei mbili za matundu 128, zikipangwa mstari mmoja kichwa kwa kichwa, zinachukua urefu wa kama mita moja na upana wa sentimita 28. Juu yake nafunga tyubu tatu za wati 18, zikikaribiana. Jumla wati 54 kwa miche 256. Ukifunga tyubu moja tu kwa trei hizo mbili utapata miche, lakini itakuwa na shingo kama twiga.

Tatizo la mwanga ni kwamba macho yetu yanatudanganya. Ukiingia stoo ukiwasha tyubu tatu unaona kumeng'aa, unafumba macho, unasema hapa pana jua. Si kweli. Nje, saa sita mchana bila mawingu, mwanga unafika lux 100,000 hivi (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga unaoangukia mahali). Siku ya mawingu mazito bado kuna lux 10,000 na zaidi. Ndani ya nyumba, hatua chache kutoka dirishani, mara nyingi hazifiki 1,000. Jicho linajifungua na kujifinya lenyewe, kwa hiyo halioni tofauti hiyo, mche unaiona.

Pakua programu ya kupima lux kwenye simu. Haina usahihi wa kipimo cha maabara, ila inatosha kwa kazi yetu. Laza simu juu ya trei, kioo kikitazama taa, pale pale majani yatakapokuwa. Chini ya taa nyeupe za LED, tafuta kati ya lux 10,000 na 15,000. Ikisoma 4,000, shusha taa au ongeza tyubu. Pima katikati na pima kwenye kona pia, maana kona huwa zinapata pungufu. Mimi huzigeuza trei kila baada ya siku mbili ili iliyokuwa pembeni ije katikati.

Umbali wa kuanzia ni sentimita 15 hadi 20 kutoka juu ya majani. Ning'iniza taa kwa mnyororo au kamba yenye mafundo, usizigongomelee misumari, kwa sababu miche inapanda na taa lazima ipande nayo. Kila Jumapili nainua fundo moja. Ukiweka mkono pale majani yalipo kwa nusu dakika ukahisi joto, taa iko karibu mno.

Saa za kuwasha, na kwa nini mimi huwasha usiku

Nyanya inataka saa 14 hadi 16 za mwanga huu wa taa kwa siku. Jua letu la huku kusini linatoa saa 12 hivi, lakini lile ni jua. Taa ni hafifu, kwa hiyo tunafidia kwa muda. Usiwashe saa 24 ukidhani unaharakisha. Nyanya ni katika mimea isiyovumilia mwanga bila giza: majani yanapauka, yanapata mabaka ya njano, mche unasimama. Uachie angalau saa nane za giza.

Mimi nawasha saa 11 jioni na kuzima saa moja asubuhi. Sababu ni joto. Machi mchana stoo yenye bati inapita nyuzi 30, na ukiongeza taa humo unaoka miche. Usiku kunapoa hadi nyuzi 24 hivi, ambapo nyanya inastarehe. Kwa hiyo joto la taa linakuja wakati chumba kina nafasi ya kulipokea, na mchana miche inalala gizani.

Hasara ya kuwasha usiku ni wadudu. Msimu wa mvua taa inaita kila kitu chenye mabawa, na mvua za mwanzo ndizo zinazotoa kumbikumbi. Wavu wa mbu uliofungwa dirishani haufai, kwa sababu inzi weupe ni wadogo kuliko mbu. Tafuta wavu wenye matundu madogo zaidi, au pachika kitambaa chepesi juu ya wavu, na mlango ufungwe jioni kabla taa hazijawaka.

Hasara nyingine ni majirani. Wiki ya pili ya msimu wa kwanza jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, alinisimamisha kibarazani.

"Baba, mbona stoo yako haizimwi taa? Umeanza kufuga vifaranga?"

"Shikamoo mama. Hapana, ni nyanya."

"Marahaba. Nyanya zinaogopa giza?"

Nikamwita aone. Alikaa kimya kidogo, akasema nimwekee miche kumi. Tangu hapo kila mwaka kumi ni zake.

Nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi. Ni kitu kidogo, na ndicho kinachotofautisha kitalu cha mwaka wa kwanza na cha pili. Binadamu atasahau, siku ya msiba, siku ya safari ya Masasi, taa itakaa imezimwa au itawaka siku mbili mfululizo.

Umeme unakula kiasi gani? Wati 54 kwa saa 14 ni uniti 0.76 kwa siku, sawasawa na uniti 21 kwa wiki nne. Hapo fanya hesabu kwa makini kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, maana hizo 21 zinaweza kukusukuma nje ya kundi na bei ya uniti inapanda. Mimi mwezi wa miche huwa pasi inapumzika, tunanyoosha kwa mkaa.

Umeme ukikatika usihangaike. Mche unavumilia siku moja au mbili. Jambo la kukumbuka ni kutomwagilia na kutoweka mbolea wakati wa giza hilo, kwa sababu mche usiopata mwanga haunywi, na udongo uliolowa gizani ndiyo nyumba ya kinyausi. Ukiendelea kukosekana, toa trei barazani penye kivuli cheupe, mvua isipofika.

Swichi na ekstensheni zikae juu ya ukuta, mbali na maji. Usizilaze sakafuni chini ya trei zinazodondoka.

Udongo wa kuoteshea

Hapa nitapita haraka. Sehemu tatu za kokopiti na sehemu moja ya mboji iliyoiva na kuchekechwa. Ukitengeneza kokopiti mwenyewe kwa makumbi ya nazi, ya pwani yana chumvi, tena mengi hulowekwa baharini. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, kamua, mwaga, rudia mara tatu au nne mpaka ukionja maji hayana chumvi. Mboji imwagie maji ya moto yanayochemka, ifunike, iache ipoe. Udongo wa bustanini peke yake usitumie. Mchanga wetu wa pwani unakauka kabla hujageuka, na wa bondeni unaganda kama tofali.

Sia mbegu moja kwa tundu, kina cha nusu sentimita. Nyanya huota siku ya tano hadi ya nane. Taa ziwashwe siku ile ile unapoona vishingo vya kwanza vimepinda vikitoka. Ukichelewa siku mbili, zile siku mbili huzirudishi: mche umekwisha kurefuka, na hata ukiupa taa bora baadaye shingo ile itabaki dhaifu.

Maji, kabla hujazungumzia mbolea

Kwa sisi wa pwani hiki ndicho kipengele chenye matatizo mengi, na miongozo ya bara haikitaji. Visima vingi vya karibu na bahari, kuanzia Mikindani kuja mjini, vina maji ya chumvi au ya magadi. Unaweza kuyaoga na kufulia, lakini ukiyaweka kwenye tundu dogo la trei kila siku, maji yanakauka, chumvi inabaki. Baada ya wiki mbili unaona ukoko mweupe juu ya udongo. Ukiweka na mbolea hapo, ambayo nayo kikemia ni chumvi, mizizi inashindwa kunywa hata kama udongo umelowa.

Bahati yetu ni kwamba tunaotesha wakati wa mvua. Kinga maji ya bati. Mvua za kwanza za msimu ziache zipite, zisafishe bati, hasa kama nyumba iko jirani na mikorosho, kwa sababu vumbi la salfa iliyopulizwa kiangazi linakuwa limejaa huko juu. Ukifika Machi bati ni safi. Mapipa mawili yanatosha miche 256 mpaka mwisho.

Mwagilia kutoka chini. Weka trei kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita mbili, dakika 10 hadi 15, toa, acha zichuruzike. Juu ya udongo pabaki pakavu, shina lisikae kwenye unyevu. Kisha subiri. Nyanyua trei kwa mikono miwili: nzito bado ina maji, nyepesi inataka. Mikono itazoea ndani ya wiki moja, na ni kipimo kizuri kuliko ratiba ya kila asubuhi.

Mbolea

Siku kumi za kwanza baada ya kuota, usiweke kitu. Yale majani mawili laini ya mwanzo ni akiba iliyotoka na mbegu, na mboji iliyomo kwenye udongo inasaidia. Najua mkono unawasha. Mwaka wa kwanza niliweka urea kidogo, "kijiko tu", kwenye lita tano, siku ya sita. Baada ya siku mbili ncha za majani zilikuwa kahawia, siku ya nne nilibaki na miche 31. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kijiko kile kilikuwa karamu ya watu wazima kwa mtoto wa siku sita.

Subiri majani halisi ya kwanza, yale yenye meno meno kama ya nyanya, yafunguke. Hapo chukua mbolea ya kuyeyusha kwenye maji, NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) 19-19-19 au 20-20-20, yenye virutubisho vidogo vidogo kama chuma na zinki. Pima hivi:

Wiki ya kwanza ya kulisha: gramu 5 kwenye ndoo ya lita 20. Hiyo ni robo gramu kwa lita. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu kina karibu gramu tano, lakini mbolea zinatofautiana uzito, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni ni bora.

Kuanzia majani halisi ya tatu: gramu 10 kwa lita 20.

Usizidishe hapo. Karatasi ya mbolea itakuandikia gramu mbili au tatu kwa lita. Kipimo hicho ni cha mmea ulio shambani wenye mizizi mirefu. Ukitumia 20-20-20, gramu moja kwa lita inatoa miligramu 200 za naitrojeni katika kila lita, na mche wetu unahitaji 50, baadaye 100.

Lisha mara moja, mwagilia maji matupu mara inayofuata, kisha lisha tena. Kupishanisha huko kunaosha mabaki. Mara moja kwa wiki mwagilia kutoka juu, taratibu, mpaka maji yapite chini kabisa ya tundu, ili chumvi iliyopanda ishuke na itoke.

Maji ya mvua hayana kalsiamu, na kokopiti nayo inaing'ang'ania kalsiamu kidogo iliyopo. Kwa hiyo wiki ya tatu, siku moja badala ya NPK natumia nitrati ya kalsiamu, gramu 10 kwa lita 20. Usizichanganye mbili hizo kwenye ndoo moja: kalsiamu na fosforasi zinashikana, unapata unga mweupe chini ya ndoo na mche haupati chochote.

Na sasa unaona kwa nini nilianza na taa. Kiasi hiki cha mbolea ni cha mche unaopata lux 10,000 na zaidi kwa saa 14. Ukiwa na taa pungufu, punguza na mbolea, tena kwa nusu. Mche uliokosa mwanga ukipewa naitrojeni unarefuka tu, unakuwa laini, na kinyausi kinaupenda. Watu wanaona mche mwembamba wa kijani hafifu wanasema una njaa, wanaongeza mbolea. Shusha taa kwanza, ngoja siku tatu, ndipo uulize habari ya chakula.

Kuusoma mche

Kila jioni taa zinapowaka nakaa na kigoda mbele ya trei kama dakika tano. Ninachotazama ni hiki.

Shina refu, jembamba, majani yako mbali mbali: mwanga haukutosha. Majani ya juu, yaliyo karibu na taa, yamepauka na kujikunja kingo kwenda juu, wakati ya chini ni mazima: taa iko karibu mno, inua sentimita tano. Ncha na kingo kuwa kahawia kavu: chumvi au mbolea imezidi, suuza kwa maji ya mvua na usilishe kwa siku nne. Majani ya kijani cheusi, mazito, yamejikunja kwenda chini kama kucha za kuku: naitrojeni nyingi. Majani ya chini kuwa njano yote kwa pamoja: hiyo sasa ndiyo njaa, lisha. Majani machanga ya juu kuwa njano huku mishipa ikibaki kijani: mche haupati chuma, na mara nyingi si kwamba hakimo, ni udongo umelowa kupita kiasi au maji yana magadi. Majani kunyauka huku udongo ukiwa umelowa: mizizi inaoza, usimwagilie.

Kuna kitu kimoja kinachochekesha wageni. Mara mbili kwa siku napitisha kiganja juu ya miche, kwa upole, kama unayepapasa kichwa cha mtoto, mara kumi kwenda na kurudi. Nyanya inayotikiswa inatengeneza shina fupi na nene. Nje upepo wa bahari unaifanya kazi hiyo; stoo hakuna upepo. Feni ndogo ya mezani ikielekezwa ukutani, isiipige miche moja kwa moja, inasaidia pia, na inakausha unyevu juu ya udongo.

Kuizoesha jua

Mche wa stoo hauujui mwanga wa lux 100,000. Ukiutoa moja kwa moja saa tano asubuhi, jioni majani ni meupe kama karatasi. Kuanzia wiki ya nne nautoa nje hatua kwa hatua: siku mbili kwenye kivuli cha mwembe, siku mbili jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha hadi saa nne, kisha hadi saa tano, na mwisho siku nzima. Jumla siku saba hadi kumi. Siku hizo nasimamisha mbolea na kupunguza maji kidogo, mche unakaza. Muda wote huo uufunike kwa wavu wa matundu madogo, kwa sababu inzi weupe walikuwa wanakusubiri.

Siku ya kupanda, uwe na majani halisi manne au matano, urefu wa sentimita 15 hadi 20, shina nene kama penseli nyembamba. Panda saa kumi na moja jioni. Mwagilia trei asubuhi yake ili donge litoke zima. Bonyeza tundu kwa chini, mche unaruka na mizizi yake myeupe imelizunguka donge lote. Mizizi ya kahawia na yenye harufu, usipande, tupa. Fukia shina hadi chini kidogo ya majani halisi ya kwanza, nyanya huotesha mizizi kwenye shina.

Trei zikishakuwa tupu, zisugue, zitumbukize dakika 20 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, sehemu moja kwa tisa za maji, suuza, anika juani. Zangu zikishakauka huwa zinaingia pilipili hoho, zinazokaa chini ya taa wiki sita hadi nane na kuota kwa siku saba hadi kumi na nne, kwa hiyo taima naiacha pale pale ilipo na mapipa ya maji nayafunika. Miche kumi ya mama jirani nampelekea asubuhi inayofuata siku ya kupanda, kabla jua halijawa kali.